Balozi Atakayekata Utepe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeanza kuandika. Upendo amenipa daftari lake la kidato cha sita lililobaki kurasa. Amesema mama, andika yanayokusumbua, presha itashuka. Haya. Linalonisumbua ni yeye.

Mwanangu anataka kwenda kusoma ng'ambo. Siyo Morogoro, siyo Dodoma. Ng'ambo! Kwenye theluji! Mtoto ambaye hapahapa Mikumi mwezi wa sita analala na soksi.

Yote yameletwa na ofisi. Pale barabara kuu, lilipokuwa duka la vipuri, chuo kikuu cha nchi ya mbali kimetundika kibao. Jina lake ni kama herufi zimemwagika. Karani wao, Ashrafu, mtu mpole wa Chanzuru, ameniletea barua hadi kwenye cherehani yangu. Nimeisoma mwenyewe, kidole chini ya mstari. Darasa la nne la zamani siyo mchezo. Imeandikwa: Ijumaa tarehe 15, Balozi atakata utepe kufungua ofisi yetu. Wakazi wote mnakaribishwa.

Nimeirudia mara tatu. Balozi! Na balozi wa nyumba kumi za hapa ni nani kama siyo mimi, Fausta? Mwaka wa saba huu nasuluhisha wagomvi na kupokea wageni. Hatimaye kuna walioona.

Mpango ni huu. Nitakata utepe, nitapewa nafasi ya kusema, nitaomba mbele ya watu wamfundishe Upendo humohumo ofisini. Asubuhi anakwenda, mchana anakula kwangu. Nani atanikatalia nina mkasi mkononi?

Jumanne, 5 Agosti

Costancia! Huyu ni balozi wa nyumba kumi za upande wa pili. Amekuja na barua kama yangu, shingo juu. Eti balozi aliyeandikwa ni yeye. Mpaka wetu unapita katikati ya jengo lile: mlango uko kwake, choo kiko kwangu. Akasema utepe hufungwa mlangoni, hajawahi kuona umefungwa chooni. Nikamwambia ofisi isiyo na choo itafungwa yenyewe kabla ya saa sita.

Tumekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Lupakisyo. Tumemwamkia, ameisoma barua, ameigeuza, ametazama nyuma kulikokuwa kweupe. Akasema balozi ni balozi. Akatuomba tumwache anywe uji.

Jioni Costancia amerudi, mpole kama siyo yeye. Ameleta kitenge nimshonee gauni la Ijumaa. Nimekifungua. Kasuku wa kijani! Kitenge kilekile nilichonunua mimi mnadani kwa ajili ya Ijumaa hiyohiyo!

Nimekipokea nikitabasamu. Nitashona. Ila mkono wa kulia nitaubana kwapani. Asiyeweza kunyanyua mkono atakataje utepe?

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda ofisini kuuliza. Balozi hawezi kufungua kitu asichokijua. Kuna feni mbili, picha ya tembo na viti vinavyozunguka. Nimeuliza madarasa yako wapi. Ashrafu akasema hakuna. Walimu? Hakuna. Nimechungulia hadi stoo. Hakuna hata chaki! Chuo gani hiki?

Akanieleza taratibu. Chuo chenyewe kiko kwao. Ofisi ni ya kutafuta wanafunzi wazuri, kuwaangalia watafiti wao wanaohesabu tembo mbugani, kushirikiana na vyuo vya kwetu, na kuwakusanya Watanzania waliosoma kule zamani. Zaidi ya yote, akasema, watu wa kawaida wa huku waijue nchi ile na waizoee. Serikali husalimiana zenyewe kwa barua, lakini urafiki unaodumu ni wa watu kwa watu. Kazi hiyo inaitwa diplomasia ya umma.

Nimerudi kichwa kinazunguka. Chuo kina theluji, kina majengo ya lifti, kinatafuta marafiki Mikumi? Kwani kwao kimegombana na nani?

Ila neno moja nimelidaka. Diploma. Sijui sia gani, lakini ya umma. Na umma ni sisi! Wanagawa diploma kwa wananchi, na mimi cheti nilichonacho ni cha ubatizo. Nimeanza orodha ya nyumba zangu kumi. Costancia simwambii.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo Kilosa. Upendo amenituma wilayani kuchukua cheti chake cha kuzaliwa, yeye anajiandaa na usaili. Cheti na fomu yenye saini ya mzazi vikikosekana Ijumaa saa nane, nafasi yake anapewa mwingine. Amenieleza mara mbili, pole pole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Mpango ulikuwa mzuri. Nisiingie ndani, kisha nikaseme sikukipata. Siyo uongo. Usipoingia huwezi kukipata. Nimekaa nje kwenye benchi, nimekula mahindi ya kuchoma mawili, nimesalimiana na kila aliyepita. Saa tisa na nusu nikanyanyuka, nikajifuta vumbi.

Mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo akatoka mbio ananiita. We mama wa Mikumi, mwenye kilemba cha njano! Kumbe Upendo amepiga simu mara nne. Amewaambia mama yangu atakaa benchini, hataingia, tafadhali mpelekeeni. Hata rangi ya kilemba ameitaja!

Yule mama akanishika mkono akasema hongera, umezaa mtoto. Nikalia hapohapo, mahindi bado yako kwenye meno. Nimekisoma cheti njia nzima. Mahali: Mikumi. Jina la mama: Fausta. Karatasi ndogo mno kwa uchungu ule wa siku mbili.

Jumatano, 13 Agosti

Magauni yote mawili tayari. Costancia amekuja kuchukua lake nikiwa mashineni nasagisha. Upendo amempa.

Diploma ya umma imefika watu arobaini na moja. Bibi Perpetua, miaka themanini na mbili, anataka ya kuku wa kienyeji. Ameuliza kama joho linapunguzwa urefu.

Upendo ameiona orodha. Akakaa chini. Akasema mama, diplomasia siyo diploma, ni kazi ya mabalozi. Nikamwambia sasa unabisha nini, balozi si mimi? Akasema wa Ijumaa ni balozi mwingine. Nikamjibu hata Costancia alisema hivyohivyo, kwamba ni mwingine. Akacheka hadi akaegemea cherehani.

Halafu akaacha kucheka. Akaulizia fomu. Nikasema labda panya. Fomu iko chini ya mto wa kiti changu cha kushonea, nimeikalia tangu wiki iliyopita. Akautazama ule mto. Akanitazama mimi. Akaenda kuosha vyombo. Afadhali angenigombeza.

Baba yake amepiga simu kutoka Ruhembe, anakofanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Amesema mwache mtoto asome. Ni rahisi kusema ukiwa katikati ya miwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimevaa gauni. Limegoma kwapani! Nikajua nimenenepa kwa mawazo. Nimefika, Costancia yuko mbele, kasuku wale wale, anapunga mkono wa kulia juu juu kama trafiki. Ndipo nikaelewa. Upendo alimpa langu. Nimevaa mtego wangu mwenyewe!

Likaja gari lenye bendera. Wakashuka wageni, mmoja mzee, mrefu, nywele nyeupe. Msemaji akashika kipaza sauti, akasema sasa tunamkaribisha Mheshimiwa Balozi akate utepe.

Tukanyanyuka sote wawili, mimi na Costancia. Tukatembea. Tukakimbia kidogo. Yule mzee naye akawa anakuja, nikadhani amekosea njia, nikampita kwa heshima. Nikachomoa mkasi wangu wa cherehani, nikanyanyua mkono kwa nguvu zote. Krrraaa! Gauni likapasuka kuanzia kwapa hadi kiunoni. Lakini utepe ukakatika! Wa kwanza mimi!

Ashrafu akashika kichwa. Mzee Lupakisyo akatazama mbinguni. Costancia, namwandikia hili ingawa sitaki, alivua mtandio wake akanifunika ubavu, huku akininong'oneza kwamba mshono wangu ni wa kichovu.

Nikamwamkia yule mzee shikamoo. Akaitika marahaba, tena vizuri. Akaniuliza kwa Kiswahili mimi ni nani. Nikamwambia ni balozi. Akasema naye ni balozi. Nikamuuliza wa nyumba ngapi. Akafikiri, akasema wa nchi moja. Nikamwonea huruma. Nchi moja tu, na humo atamjua nani?

Akaniuliza kazi zangu. Nikamwambia mgeni akihamia nampeleka mlango kwa mlango. Wakinuniana nawakalisha pamoja. Mwenye mgonjwa namjua, mwenye msiba namjua. Akawageukia wenzake akawaambia kwa lugha yao, kisha akanitafsiria: amewaambia kazi ya ofisi hii ndiyo hiyo. Watu wakapiga makofi.

Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikaomba wamfundishe Upendo hapahapa, hata varandani, mimi nitapika. Nikasema ni huyu huyu mmoja, na kule kuna baridi, na hakuna anayemjua.

Mzee hakucheka. Alisema ofisi hii ni mlango tu, na mlangoni hapafai mtu kulala. Akasema chuo kimekuja kwetu kutafuta marafiki, lakini urafiki wa upande mmoja haukui. Upendo akienda, atakuwa balozi wenu kule.

Balozi! Mwanangu! Katika umri huu! Mimi ubalozi niliupata nikiwa na miaka arobaini na moja!

Nikauliza saa. Saa saba na dakika ishirini. Nikashika mtandio ubavuni, nikakimbia nyumbani, nikachomoa fomu chini ya mto. Imejikunja ikachukua umbo langu. Nikarudi nahema. Nikasaini mezani kwa Ashrafu kwa herufi kubwa, F-A-U-S-T-A, nikaweka na cheti. Upendo akanikumbatia, gauni likamalizia kupasuka. Sikujali.

Jumapili, 24 Agosti

Upendo amepita usaili. Anaondoka mwezi ujao. Nimelia asubuhi, sasa ni mchana, nimepumzika kidogo.

Nimemshonea koti lenye bitana mbili, ndani kasuku wa kijani. Vipande vilipatikana. Nimempa maelekezo ya kazi. Ukifika, hesabu milango kumi. Gonga mmoja mmoja. Amkia wakubwa, jitambulishe, sema wewe ndiye balozi mpya kutoka Mikumi. Akasema mama, kule watu hawagongeani milango, mtu anaweza kukaa miaka asimjue jirani. Nikamwambia sasa umeona! Ndiyo maana wamekuja kutafuta marafiki hadi huku.

Diploma bado hazijafika. Bibi Perpetua ananiuliza kila siku, namwambia asubiri, vitu vya ng'ambo huja kwa meli.

Wakati tunapanga koti sandukuni akaniuliza kwa sauti ndogo, nikiondoka nani atakuwa anakusomea matangazo? Nikamwambia mwanangu, nenda salama, mimi husoma mwenyewe. Si barua ya utepe niliisoma peke yangu?

Akanibusu kichwani. Akasema kweli mama.

Na ni kweli. Leo tu baada ya ibada nimesoma tangazo jipya, kidole chini ya mstari, bila msaada wa mtu. Jumamosi ijayo kule Kilosa, Balozi wa Mazingira atapanda mti wa kwanza. Mazingira! Sikujua kama na hiyo wamenipa. Costancia bado hajaliona, nimelichomoa ukutani, liko chini ya mto.

Jembe nimeshaazima.