Feni Nne na Leso ya Pazia

Jumatatu, 9 Februari 2026

Joto la kaskazi halina huruma. Kompyuta yangu, niliyoiunga mwenyewe kwa vipuri, nimemwazima dada yangu Ilham. Anatengeneza video ya kupamba, ile sherehe ya wanawake ya kumwonyesha bibi harusi, ya binti wa Bi Raihana wa Mambrui. Kazi yake ya kwanza ya harusi. Bi Raihana anaitaka kabla ya Ramadhani, wanawake waitazame Jumapili kwenye kuvunja jungu, maana mwezi ukiandama hakuna wa kutazama ngoma tena. Ilham akifaulu, harusi za baada ya Idi zitakuja kwake. Akishindwa, hapa Shella watajua hata kabla yake.

Kwa kuwa kwenye video wanawake wamevua mabuibui, mimi siruhusiwi kuona kioo cha kompyuta. Ilham ametundika leso katikati ya sebule. Upande wake, kioo. Upande wangu, sanduku la kompyuta, feni zake nne na kidude cha kuziendesha. Mgawanyo wa haki.

Kidude kina kitufe cha kuzungusha: Kimya, Kawaida, Kasi, Mkono, Otomatiki. Nelly, fundi wa mtaa wa Barani aliyeniuzia, alisema nikiweke Otomatiki, ule waya wa kupima joto niubandike karibu na ubongo wa mashine, kisha nisiguse tena. Nikamshukuru kwa adabu. Otomatiki ni ya watu wasiojiamini.

Nimeanza na Kasi. Feni zikavuma, leso ikapaa hadi darini. Ilham akapiga ukelele. Nikafumba macho, nikakimbia, nikajigonga ugoko kwenye meza. Sikuona kitu, wallahi. Kasi imepigwa marufuku nyumbani.

Jumanne, 10 Februari

Kawaida sikuijaribu. Jina lenyewe linakatisha tamaa. Nimeweka Kimya.

Raha iliyoje! Mama alisema sasa anasikia redio yake. Ilham alisema anausikia mlio wa pembe za vugo vizuri, na kwamba huenda kaka yake ana akili. Niliyapokea maneno hayo kwa unyenyekevu. Nikampigia simu Nelly kumjulisha.

Kabla ya adhuhuri mashine ikajizima yenyewe. Ilham alikuwa anafika pale bibi harusi anapoingia, na kazi yote ya asubuhi imepotea. Ameniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba ikizima tena ataihamishia kazi kwa Nelly. Kwa Nelly! Mtu asiyeijua kompyuta yangu hata kidogo.

Alhamisi, 12 Februari

Mkono. Hapa ndipo ustadi unapoonekana. Nilikaa kando ya leso, kiganja juu ya sanduku kama mama anayempima mtoto homa. Likipata moto naongeza, likipoa napunguza. Mambo yalikwenda vizuri jana kutwa na leo asubuhi.

Alasiri nikaenda kusali. Njiani nikakutana na jirani yetu Mbaruk, naye anasema kompyuta haihitaji feni nne, mbili zinatosha. Maneno kama hayo huwezi kuyaacha hewani. Tuliagiza kahawa ili nimweleweshe. Niliporudi mashine imezima, na Ilham amekaa amekunja mikono. Mama ameniuliza kama nilikuwa nasali tarawehe.

Ilham aliniomba, aliniomba hasa, niweke Otomatiki. Nimekubali. Mimi si mtu mkaidi.

Ijumaa, 13 Februari

Otomatiki ni balaa. Ilham akianza kazi nzito, feni zinapanda. Akipumzika, zinashuka. Zinapanda, zinashuka. Mama anasema ni kama marehemu baba akikoroma, na kwamba alimvumilia miaka yote kwa sababu ya ndoa, lakini mashine hana ndoa nayo.

Nimefikiri sana baada ya biriani. Feni hazijui lolote. Zinauamini ule waya tu. Waya ukisema kuna joto, zinakimbia. Ukisema kuna baridi, zinatulia. Basi shida si feni. Shida ni waya, umewekwa mahali pa joto!

Nimeubandua. Nimeupeleka nyuma ya kochi, nikaubandika kwenye bakuli la barafu. Papo hapo feni zikanyamaza. Nimebadilisha barafu mara kadhaa, bila mtu kujua. Ilham amesema hatimaye Otomatiki inafanya kazi. Kwa kweli inafanya. Inaamini iko kwenye baridi ya Limuru.

Jumamosi, 14 Februari

Harufu. Mama alidhani ni halua ya jirani imeungua. Haikuwa halua.

Mashine imekufa. Haikuzima tu, imekufa. Ilham hakupiga kelele. Alikaa upande wake wa leso, nikasikia anavuta kamasi. Wiki nzima ya kazi, na kesho ndiyo Jumapili. Moyo uliniuma kweli. Nikamwambia leso ni nzuri sana, sijui kwa nini.

Nelly alikuja na tuktuk. Aliingia mpaka upande wa kioo bila kubisha, maana yeye ni mwanamke, hakatazwi. Halafu akaufuata ule waya. Akaufuata mpaka nyuma ya kochi. Akauliza, Bwana Faiz, bakuli hili lilikuwa na homa? Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Nelly akachomoa diski, akasema video zimo, ziko salama, na akaondoka na Ilham kwenda Barani kuimalizia kazi kwenye mashine yake.

Jumapili, 15 Februari

Nimebeba masufuria hadi Mambrui, nikaachwa nje na wanaume. Ndani vigelegele havikwisha. Bi Raihana alitoka na machozi, akasema amemwona binti yake anaolewa mara ya pili. Ilham anacheka. Nimefurahi, nasema kweli. Ila Nelly amepewa sahani ya halua na mimi nimepewa sufuria tupu nirudishe.

Jumanne, 17 Februari

Nelly ameirudisha kompyuta imepona. Waya ameugandisha kwa gundi, kitufe amekifunga kwa utepe kwenye Otomatiki. Dharau. Ilham naye amesema tangu sasa atafanyia kazi Barani.

Nyumba iko kimya. Kimya nilichokitafuta wiki nzima nimekipata, wala sikipendi. Hakuna hata wa kuniambia nisiguse.

Lakini nimegundua kosa lilikuwa wapi. Barafu niliipa waya, na mashine yenyewe nikainyima! Iwapo sanduku zima litakaa penye baridi, feni zitanyamaza kwa haki, bila hila, na Ilham atarudi nyumbani. Nimelipima kwa kamba. Linaingia ndani ya friza ya mama barabara, na waya za kioo zitapita mlangoni.

Mama ameijaza friza sambusa za Ramadhani nzima. Anakwenda sokoni asubuhi. Zitakaa nje kidogo tu.