Korosho Mbili na Nusu Saa ya Kutulia

Jumatatu, 11 Novemba. Nachingwea

Nimekubaliwa! Yaani, karibu. Klementina amesema ndiyo, ila ndiyo yenye sharti. Anasema mimi Eustakio ni mtu mwema lakini akili yangu haikai. Nikianza kuchimba choo, namalizia nafuga bata. Basi niende darasa la kutafakari la Mwalimu Winfrida, barazani parokiani, siku nne kuanzia kesho. Ijumaa nikiweza kutulia nusu saa nzima, Jumapili tunapanda gari hadi Mandawa, huko Ruangwa, kupeleka posa kwa kaka yake, Nicholaus. Nikishindwa, anakwenda peke yake kumwambia kaka asahau habari zangu.

Nusu saa tu! Kukaa! Kazi hiyo nimeifanya maisha yangu yote.

Jumanne, 12 Novemba

Kumbe kutafakari si kukaa. Unafumba macho, unafuata pumzi ikiingia, ikitoka. Mwalimu anakuwekea korosho mbili ambazo hazijabanguliwa, moja juu ya mgongo wa kila kiganja. Akili ikizurura, mkono unashtuka, korosho inaanguka sakafuni, ko! Anasema akili ikiondoka usiigombeze, irudishe polepole. Nimeirudisha. Ikaondoka tena na viatu vyangu.

Tatizo ni msimu. Baraza limepakana na mikorosho. Bibo likianguka, pu!, mtu wa Nachingwea atafuataje pumzi? Mkono unakwenda kuokota wenyewe. Nimeangusha mara kumi na tisa. Klementina alikaa nyuma yangu, akakohoa mara kumi na tisa.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa! Adinani kajiunga, eti daktari kamtuma kwa ajili ya presha. Huyu ni mtani wangu, babu zetu walitaniana, na mtani hakasirikiwi hata akikuvua kofia msibani. Kakaa ubavuni kwangu. Pumzi ya tatu, ananinong'oneza kwamba mbuzi wangu wamevamia korosho nilizoanika.

Nimekimbia hadi nyumbani ndipo nikakumbuka sina mbuzi.

Niliporudi nilitaka kumrukia. Mila hairuhusu, nikampa mkono. Yeye korosho zake zimetulia utadhani zimegundishwa.

Zimegundishwa!

Alhamisi, 14 Novemba

Darasani nimeangusha mara kumi na nne, wala sikujali. Jioni nimechemsha ulimbo, ule wa kunasia ndege. Nimejigundisha korosho moja kwa majaribio. Nimesonga ugali, nimelima matuta mawili, nimeoga. Ipo! Eustakio, una kichwa wewe! Kuing'oa nimetumia mafuta ya kula na machozi.

Ijumaa, 15 Novemba

Jamani.

Nilijipaka ulimbo mapema, mwalimu akaziweka korosho, zikashika. Basi sikuwa na hofu tena. Pumzi ikaja, ikatoka. Ikaja nyingine. Mabibo yakaanguka, sikuyahesabu. Adinani kaninong'oneza kwamba suruali imechanika. Nikamsikia kama redio ya jirani. Raha niliyoisikia sijapata kuisikia tangu nizaliwe. Kengele ilipogongwa nikadhani zimepita dakika mbili.

Nusu saa nzima! Klementina analia kwa furaha! Adinani kapiga vigelegele kama shangazi wa bwana harusi, kanivuta tucheze. Nikainua mikono juu nikapunga.

Korosho hazikuanguka.

Nikapunga tena, kidogo. Zipo. Adinani akajaribu kuivuta moja, nikapiga ukelele hadi padri akachungulia dirishani.

Klementina aliuliza, kwa upole mbaya sana, hicho ni nini. Mwalimu akasema korosho hazikuwa mtihani, ni za kukumbusha tu, hata zake huanguka kila siku. Klementina akasema yeye wala hakuzitazama. Leo alikaa mbele, akatazama uso wangu, na kwa nusu saa alimwona mume. Sasa hajui alimwona nani.

Niliapa kwamba utulivu ulikuwa wa kweli, korosho tu ndizo za uongo. Akanipa mgongo, akaenda zake. Nimeumia, tena sana. Nikijifuta machozi, korosho zinanikwaruza.

Jumapili, 17 Novemba

Klementina kapanda gari la Ruangwa asubuhi, peke yake. Adinani alimbebea begi hadi stendi. Anadai kaniombea msamaha kimtani: kanisema vibaya njia nzima mpaka Klementina akacheka. Siamini, lakini habari ndiyo hii: kaka hataambiwa asahau. Ataambiwa asubiri! Klementina akirudi naanza upya, siku nne, mikono mitupu. Yeye atakaa mbele yangu akiniangalia uso. Macho niyafumbe, kope zisicheze.

Nimeruka kwa furaha hadi nimegonga kichwa kwenye boriti. Nimepona, bwana! Safari hii sirudii kosa. Kosa lilikuwa kupaka mikononi.

Ulimbo umebaki nusu kopo. Kope hazitamaliza hata robo yake.