Wakataji Wangu na Taa ya Marloes

Jumatatu, 4 Machi 2024
Habari mbaya, tena wakati wa kahawa ya saa nne. Hanneke, profesa wetu, katangaza kwamba kuanzia Aprili maabara itambakiza mmoja tu kati ya watafiti wake wawili wa DNA. Mimi au Marloes. Atakayeonyesha ifikapo Ijumaa kwamba protini zake zinarekebisha DNA iliyoharibika upesi zaidi ndiye atakayebaki. Nikirudi kwa mama yangu mjini Zwolle na umri huu, majirani watanicheka hadi Pasaka.

Kazi yenyewe ni hii. Seli ikichomwa na mwanga mkali, DNA yake huharibika hapa na pale. Kundi la protini za Marloes hupatafuta palipoharibika na kuufungua uzi wa DNA. Kundi langu, wakataji, hunyofoa kipande kibovu. Wengine huziba pengo. Marloes kasema bila watafutaji wake, wakataji wangu ni mkasi usio na macho. Nimetabasamu. Mdomoni tu.

Jumanne, 5 Machi
Taa ya kuchomea seli kaishika Marloes wiki nzima. Lakini saa sita wote huenda kula mkate na jibini, na hapa Rotterdam hakuna anayegusa kazi wakati huo. Nimesingizia tumbo. Nimeingia chumba cha taa na visahani vyangu vya plastiki. Marloes huvifunua vyake, vinakaa wazi kama masufuria ya harusi. Uchafu gani huu! Vyangu nimeviacha na vifuniko vyake. Kisha nimekula mkate wangu chooni.

Jumatano, 6 Machi
Ushindi! Saa moja tu baada ya taa, seli zangu hazina hata doa. Za Marloes, kwa muda uleule, bado nusu ni mbovu. Kuna visahani ambavyo ilibidi nivipime palepale vilipotoka kwenye taa, kabla seli hazijaanza kupona. Sikuvipima. Mgonjwa unayejua anaumwa humuulizi hali.

Kwetu mwenye furaha ndiye anayewanunulia wenzake keki. Nimeagiza ile kubwa ya krimu. Nikamuuliza Marloes, kwa upole kabisa, kama amewahi kufikiria ualimu. Kasema ataonja keki kwanza.

Ijumaa, 8 Machi
Keki imekatwa kabla ya hotuba yangu ya matokeo. Wazo langu. Wote wamenipongeza, kisha wakapongezana wao kwa wao kwa ajili yangu, kama ilivyo desturi. Hanneke, krimu mdomoni, kauliza uharibifu ulikuwa kiasi gani mara baada ya taa. Nikasema mkubwa. Kiasi gani? Mkubwa sana.

Marloes kaweka uma chini. "Teun, kaka, visahani ulivifunua?"

Nikajibu hapana, mimi ni mtu msafi.

Ndipo Hanneke akanikumbusha, taratibu, kwamba mwanga wa taa ile haupenyi plastiki. Seli zangu hazikuwa zimechomwa hata kidogo.

"Yaani umemtibu mzima," kasema Marloes, "halafu unadai shukrani."

Wamecheka, wakajiongezea keki. Mimi sikupata hata kipande. Nimeona aibu ya kufa.

Jumatatu, 11 Machi
Anabaki Marloes. Nilikuwa nafungasha vikombe vyangu alipokuja na Hanneke. Kumbe kamwomba profesa anibakize hadi kiangazi. Kasema watafutaji wake wakishaufungua uzi hukwama hapo, wanawasubiri wakataji. "Hizi protini hakuna inayoweza peke yake, Teun. Na sisi vilevile. Lete wakataji wako tufanye pamoja."

Machozi yalinilenga. Nimeguswa kwelikweli. Nimemshika mkono nikamwambia tangu leo sisi ni kitu kimoja.

Kisha nimeshuka chini, nikawatoa wakataji wote na kuwapandisha hadi jokofu la ghorofa ya tatu, nikatia kufuli. Akiwahitaji ataniomba, na kwenye makala ya utafiti jina langu litatangulia.