Ombi la Kurudisha Dunia Nyuma Kidogo, kwa Sababu ya Mkwe Wangu

Simone Kalumba (Mama Naomie)
Mpiga chapa mstaafu
Kolwezi, tarehe 9 Juni

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mabadiliko ya Dunia,
popote ofisi yake ilipo,
kwa kupitia kwa Tata Louis, Mkuu wa Mtaa wetu, ambaye ndiye kiongozi wa juu kabisa ninayeweza kumfikia kwa miguu

KUHUSU: Mkwe wangu kuingia chini ya meza

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na watu wa nyumbani kwako, pamoja na makarani wako, hasa yule atakayefungua bahasha hii. Mimi mwenyewe nilifungua bahasha za wakubwa kwa miaka ishirini na sita katika ofisi ya mgodi, na najua ni nani anayesoma barua kweli.

Unisamehe kwamba sijui jina lako. Nimeuliza kwa Tata Louis, nimeuliza parokiani, nimeuliza hata kwa Mchina wa duka la vyuma. Kila mmoja anakubali kwamba dunia imebadilika, lakini hakuna anayekubali kwamba ni yeye aliyetia sahihi. Mimi nimekaa ofisini, Mheshimiwa. Jambo kubwa namna hii haliwezi kupita bila karatasi, na karatasi ina mwenyewe.

Shauri langu ni hili. Binti yangu Naomie ameolewa na Elisée, kijana mwenye adabu sana, mkalimani wa wafanyabiashara huko Guangzhou, China. Wanaishi huko na mtoto wao Gloire, mwenye miaka miwili na nusu. Kwetu sisi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Wanakaa hivyo mpaka ile siku ya kumlisha mkwe, ambapo mama mkwe anapika, familia mbili zinakaa pamoja, kijana anakula mbele yake, basi njia inafunguka. Elisée bado hajalishwa. Kwa hiyo kila Naomie anapopiga simu ya video, Elisée akisikia sauti yangu anaingia chini ya meza. Wana chumba kimoja tu, na ndani yake hakuna majani.

Mimi ninamsifu. Wazazi wake walimlea vizuri. Tatizo ni kwamba sasa Gloire naye, akisikia sauti yangu, anakimbilia chini ya meza nyuma ya baba yake. Mjukuu, Mheshimiwa! Mjukuu ndiye mtu pekee duniani mwenye ruhusa ya kunitania, kunivuta kilemba na kula kwenye sahani yangu. Huyu wangu wa kwanza ninamjua kisogo na kisigino. Sura yake nimeiona kwenye picha, kama ya mtu aliyegombea ubunge. Inaniuma, na sioni haya kuandika kwamba inaniuma.

Nimekaa nikatafuta chanzo. Nimekiona, na naomba ufuatane nami kwa utaratibu.

1. UKUTA. Mwaka 1989 redio ilitangaza kwamba huko Ulaya watu wameangusha ukuta. Ofisini tulipiga makofi, na mimi nikapiga, ingawa nilikuwa katikati ya barua ya mkurugenzi na ilibidi niianze upya. Hakuna aliyetueleza kwamba huo ulikuwa wa kwanza tu kwenye orodha, na kwamba ukuta wa mama mkwe ulikuwa ukurasa wa pili. Ningejua, nisingepiga makofi.

2. JINA LA NCHI. Mwaka 1997 tulikuwa Zaire siku ya Ijumaa, na wiki iliyofuata tukawa Kongo. Sikulalamika. Nilipiga upya vichwa vya barua vyote vya idara yetu kwa vidole hivi hivi. Nalitaja jambo hili ili uone kwamba unaandikiwa na mtu mvumilivu.

3. UPANDE AMBAKO VIJANA WANAKWENDA. Zamani kijana akienda kusoma mbali, alikwenda Ubelgiji. Tulikwisha kuzoea. Wakiamka sisi nasi tunaamka. Baadaye mtu fulani katika ofisi yako aligeuza dunia, na sasa wanakwenda China, ambako saa zimetutangulia sita nzima. Naomie anapata nafasi ya kupiga simu akitoka kula chakula cha mchana, na huo ndio wakati mimi natoka kitandani. Mama mkwe ambaye hapaswi kuonekana kabisa, basi anaonekana kabla hajanawa uso.

4. UGONJWA ULE ULIOFUNGA MIPAKA. Elisée alikuwa China tayari, Naomie alikuwa hapa, ndege hakuna. Familia zikasema arusi ifanywe kwa simu. Kaka yake Elisée, Barnabé, alileta mali ya mahari, na bwana arusi mwenyewe aliwekwa ndani ya simu, juu ya kiti, kwenye mto. Kila nilipopita na sufuria, mdogo wangu Mado alimfunika kwa kitenge, ili tusionane. Alimfunika vizuri mno. Ulipofika wakati wa kumuuliza kama anakubali, hatukusikia jibu. Mjomba wa Naomie akapiga kelele: "Bwana-arusi eko wapi?" Mado akasema: "Tulimufunika, tata!" Ilibidi kuuliza mara ya pili, na wageni wa upande wao wanacheka mpaka leo. Mipaka ilipofunguliwa Naomie akaondoka kumfuata mumewe, na siku ya kumlisha mkwe ikabaki bila tarehe. Nimeuliza kama bukari, ugali wetu, na kuku vinaweza kupita ndani ya simu. Nimejibiwa kwamba bado.

5. JIWE. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote ya nyuma. Nilimuuliza binamu yangu Sadrack, anayechimba madini Mutoshi, ni kitu gani kinachoipa simu nguvu ya kumbeba mtu na meza yake kutoka China mpaka chumbani kwangu. Akatoa mfukoni jiwe jeusi, akaniambia: "Mama Naomie, njo hii iko ndani ya simu yako." Akasema siku hizi hata magari ya Ulaya yanakunywa jiwe hilo badala ya petroli, na kwamba dunia nzima inalitafuta. Nikaliangalia, nikalitambua. Utotoni tulikuwa tunafukuza kuku kwa mawe hayo. Kwa hiyo angalia mwendo wake, Mheshimiwa: limetoka chini ya miguu yetu, limepanda lori, limepanda meli, limekwenda kuoshwa na kuvalishwa kioo, halafu limerudi Kolwezi likiwa limembeba mkwe wangu. Kama lingekuwa jiwe la wageni ningenyamaza, maana mgeni hajui desturi. Lakini hili ni la hapa, limekaa na sisi miaka yote. Lenyewe lilipaswa kujua.

6. UMEME. Umekatika. Tutaandika utakaporudi.

7. AKILI YA MASHINE. Mado, ambaye ana simu kubwa kuliko yangu, aliiuliza ile mashine inayojibu maswali ya kila mtu. Ilijibu kabla hajaweka simu chini, kwa Kiswahili kisafi ambacho hata padre hana. Ikanishauri nizungumze na mkwe wangu kwa uwazi, na nimtazame machoni. Nimefikiri sana juu ya ushauri huo. Ni ushauri wa mtu asiyekuwa na mama mkwe.

Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo. Kwanza, anteni ya simu iliyo mwisho wa barabara yetu ing'olewe. Kama kuing'oa ni kazi kubwa, basi igeuzwe iangalie upande wa Sandoa, ambako sina mkwe. Pili, picha iondolewe katika simu, ibaki sauti. Tatu, jiwe lirudishwe lilikotoka. Sadrack amenihakikishia kwamba shimo bado liko wazi na yuko tayari kukuonyesha. Nne, na hapa ndipo penye uzito, naomba turudishiwe mwaka 1988.

Mume wangu Benoît amesoma rasimu hii. Alikuwa fundi wa reli, ni mtu wa kuhesabu, na amenionyesha kwamba mwaka 1988 Naomie alikuwa hajazaliwa. Kwa hiyo ninarekebisha: mwaka 1988 uje pamoja na Naomie, na Gloire. Elisée pia aje, maana simchukii, lakini akae Lubudi, ambako treni inafika na ambako mtu anaweza kuingia kwenye majani kwa heshima. Benoît ameongeza neno ambalo sikulipenda. Amesema: "Mi namuona mutoto bila shida. Banakimbia weye." Ni kweli. Baba mkwe hana sheria kali kama zangu, na mtoto humchekea yeye mpaka mate yanatoka. Mimi huwa nasimama nyuma ya mlango nikisikiliza. Tangu Alhamisi namwekea Benoît chakula bila kusema naye.

Nikiwa na matumaini kwamba ombi hili litafikiriwa kabla mtoto hajawa mkubwa kupita urefu wa meza, naomba upokee, Mheshimiwa, heshima za mtu aliyepiga chapa mabadiliko mengi ya wengine na hajapata kuandika la kwake. Nisalimie mkeo, wanao na mama mkwe wako, kama mnasalimiana.

Simone Kalumba

Nakala kwa: Tata Louis, Mkuu wa Mtaa, Baba Paroko, Benoît, aiweke juu ya kabati.

N.B. Barua hii ilikuwa imekwisha kupigwa chapa na kukunjwa leo asubuhi simu ilipolia. Alikuwa Gloire. Mama yake alikuwa bafuni na mtoto alikuwa amebonyeza mwenyewe. Nilisema jina lake tu, na kama kawaida akakimbilia chini ya meza, ila safari hii simu alikuwa nayo mkononi, kwa hiyo na mimi nikaingia. Huko chini kuna kijiko, soksi moja na nusu ya biskuti. Mtoto alinipa ile biskuti. Aliisukuma kwenye kioo mpaka nikawa sioni kitu. Halafu akaweka mdomo karibu kabisa, akaniita kama mjukuu anavyomwita bibi yake, akasema polepole: "Nkambo, nyamaza. Papa anakuya." Muda wote huu mtoto alikuwa ananingoja huko chini, Mheshimiwa, na mimi nilikuwa naandika barua.

Tukanyamaza sisi wawili, mimi huku Kolwezi nimebana pumzi. Miguu ikaja, ikasimama. Elisée akainama kumtafuta mtoto, tukatazamana, na yeye hakuwa na meza nyingine ya kuingia. Nikasema: "Yambo, mukwe." Akasema: "Yambo, mama." Gloire alitukasirikia wote wawili kwa sababu tulipiga kelele mafichoni.

Kwa hiyo naomba anteni isiguswe. Kama ofisi yako ina ya pili, nyuma ya jiko langu kuna nafasi. Barua nakutumia hivyo hivyo kwa sababu nimekwisha kuipiga chapa. Ila kama utanijibu, mjumbe asije kati ya saa moja na saa mbili asubuhi. Nitakuwa chini ya meza.