Kuhusu Ndoo Moja ya Maji Uliyomwaga Kwangu

Kwa Baba Mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo. Hapa nyumbani hatujambo, ila heshima yangu ndiyo haijapata nafuu tangu uondoke Jumapili kabla chai haijapoa. Nakuandikia kwa adabu zote kukuomba uifute kauli yako kuhusu mfereji wangu, kwa maandishi, niwaonyeshe walioisikia.

Unajua kuwa njia ya gari niliyotandika vitofali inateremka kutoka getini hadi mlango wa gereji. Huenda hujui kuwa mfereji wake niliuchagua kwa wiki tatu. Muuzaji aling'ang'ania nichukue ule wa kina, wenye kifuniko cha chuma kinene, niuweke mbele ya gereji. Mimi nikachukua wenye wavu wa maua, yanayofanana na maua ya geti, nikauweka getini. Kila anayeingia kwangu hupitia getini. Sikuona sababu ya mvua kupewa upendeleo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliomba ndoo ya maji mbele ya wageni niliowaalika kuja kuuona mfereji. Nikadhani unataka kunawa. Ukasimama katikati ya njia, ukamwaga. Maji yale, bila haya, yakaupa mfereji mgongo yakaenda moja kwa moja gereji. Ukasema wageni nimeshawawekea mfereji, bado maji. Jirani yangu fundi cherehani alicheka mpaka akakaa chini.

2. Ndoo yenyewe hukuirudisha ulikoitoa; uliiacha mlangoni pa gereji.

3. Tangu siku hiyo binti yako ananiita Injinia. Watoto nao wamedaka.

4. Nilipokujibu kwamba fundi bomba mstaafu hana mamlaka ndani ya geti langu, ulichukua kofia ukasema hutakanyaga tena hapa. Kwa hiyo ni wewe uliyenifanya nikuvunjie heshima, jambo ambalo kwa hiari yangu nisingelifanya. Binti yako alikaa siku mbili bila kunisemesha, ila kuniita Injinia tu. Hilo liliniuma, Baba, sikufichi.

Naomba basi uje umwage ndoo nyingine mbele ya watu wale wale, safari hii ukiwa nje ya geti, upande wa juu wa mfereji. Ikiwezekana, nusu ndoo.

Msalimie sana Mama, shemeji zangu wote, na yeyote atakayekuuliza habari zetu, isipokuwa akiulizia mfereji.

Mkweo mtiifu,
Injinia

Nyongeza: Samahani kwa wino kutawanyika. Mvua imenikuta kwenye lile ombi la nusu ndoo. Namalizia barua hii ndani ya gereji, karatasi ikiwa juu ya boneti na miguu ndani ya maji; ndoo ile ile uliyoiacha ndiyo tunayochotea kwa zamu, mimi na binti yako. Mfereji wa getini unapendeza kweli, ila kazi haujapata. Ule wa kina nilishaununua tangu Jumatano, nimeufunika turubai nyuma ya nyumba, lakini mteremko wake sijui kuupima. Njoo na pimamaji yako, Baba. Safari hii sitaalika wageni.