Komeo la Shemeji

Jumapili, tarehe 6

Nimefanya! Nimebadilisha makomeo. Hakuna aliyeona. Moyo mweupe.

Nieleze kidogo, huenda wajukuu wakasoma. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kulenga shabaha. Aliacha bunduki mbili pacha, moja kwa mwanawe, moja kwangu mimi mkwewe. Akaacha na sharti. Bunduki kila mtu akae nayo kwake, kabatini, chini ya kufuli. Komeo likae kwa mama mkwe. Komeo ni kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili risasi iingie. Bila komeo, bunduki ni bomba. Marehemu aliijua familia yake.

Mama mkwe huyaweka kwenye kabati la vyombo, kila komeo ndani ya soksi. La shemeji soksi ya kijivu, langu ya kahawia. Leo wenzangu wakiwa uani wanakunywa chai, nikajitolea kukusanya vikombe. Mke wangu akashtuka. Sijawahi kukusanya kikombe tangu anioe, samahani, tangu nimwoe. La kijivu likaingia kwenye kahawia, la kahawia kwenye kijivu. Basi!

Sababu iko wazi. Jumamosi hii klabu yetu ya shabaha inachagua mtu mmoja wa kuingia timu ya wakubwa. Nafasi moja, wenye kuitaka wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Klabuni yeye wanamwita Jicho. Mimi wananiita Kando, maana ndiko ziendako risasi zangu. Bunduki pacha, risasi za kopo moja, mwalimu mmoja. Sasa tofauti ni nini kama si komeo? Wengine wangesema ni mazoezi. Mimi natumia akili.

Nikamwomba mama mkwe soksi ya kahawia niende nayo nyumbani, nikalipake komeo mafuta. Akasema haya, baba, mafuta ni kitu kizuri.

Jumatatu, tarehe 7

Komeo la Jicho limeingia kwenye bunduki yangu bila taabu. Bila risasi linafunga vizuri kabisa, na mlio wake mtamu. Nikaweka risasi ya mazoezi, ile isiyo na baruti. Nikasukuma. Likaenda, likaenda, likagoma! Mkono wa komeo hauteremki.

Uchafu, nikasema. Nikasugua chemba, yaani pale risasi inapokaa. Brashi yake sikuiona, nikatumia ya kuoshea chupa ya chai. Likagoma vilevile. Jioni mke wangu akauliza kwa nini chai ina ladha ya chuma. Nikasema ni majani mapya.

Jumanne, tarehe 8

Mafuta! Nilimwahidi mama mkwe mafuta, na mafuta limepata. Ya cherehani yaliisha, nikaongeza ya kupikia. Sasa linagoma huku linateleza. Kochi lina doa lenye umbo langu nikiwa nimekaa.

Nikabadilisha risasi ya mazoezi. Wapi! Nikalisukuma kwa kiganja. Nikaligonga kwa kisigino cha kiatu. Likafunga! Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikataka kulifungua. Halifunguki.

Jumatano, tarehe 9

Bado limekwama. Mkono umevimba. Dukani kwangu leo mteja alitaka rangi nyeupe, nikamshauri achukue bluu, kwa sababu nyeupe iko rafu ya juu na mkono haunyanyuki. Akaenda nayo. Nina kipaji, tatizo ni mkono.

Jioni mke wangu hakuvumilia. Akasema nishike bunduki, akavua kandambili, akakanyaga ubavu wa bunduki, akavuta. Komeo likafunguka, yeye akaangukia doa la kochi. Akauliza inakuwaje bunduki ya baba yake, isiyowahi kukwama maisha yake yote, ikwame wiki hii. Nikasema hali ya hewa. Akasema hewa ya nyumba hii anaifahamu. Kisha akaenda kubadilisha nguo.

Alhamisi, tarehe 10

Sina ujanja, nimekwenda kwa fundi wa bunduki. Shida ni kwamba fundi ni rafiki wa Jicho, na mdomo wake haujui kupumzika. Nikasema bunduki si yangu, ni ya mtu wa mbali. Akaitazama bunduki ambayo ameitengeneza mara kadhaa kwa mikono yake, akasema sawa, mtu wa mbali.

Akauliza: tupu inafunga? Inafunga. Na risasi? Inagoma. Risasi mpya za kiwandani? Mpya. Basi si uchafu, akasema, huyo mtu wako wa mbali ameweka komeo la bunduki nyingine. Kila komeo hupatana na bunduki yake tu. Kupishana kwa unene wa karatasi kunatosha.

Nikacheka kicheko ambacho sijui nilikitoa wapi. Nikauliza, kwa udadisi tu, je, yule aliyebaki na komeo la kwanza? Fundi akapuliza chai yake. Akasema huyo kwake litafunga kilaini, atafurahi sana. Lakini likilegea hivyo, siku akifyatua risasi ya kweli, ganda la risasi linaweza kupasuka na vipande vikamrudia usoni. Akauliza kama namfahamu. Nikasema kwa mbali, nitamwonya leo leo.

Usoni! Jicho! Nimetembea mpaka nyumbani nimesahau kwamba nilikwenda kwa baiskeli. Nampenda shemeji yangu. Akishinda simpendi, lakini nampenda.

Ijumaa, tarehe 11

Asubuhi mapema kwa mama mkwe, soksi yangu mfukoni, nikarudishe kila kitu kimyakimya. Nikamwambia nimekuja kukusanya vikombe. Kabati nikafungua. Soksi ya kijivu tupu! Jicho alipita jana kuchukua komeo lake.

Nikampigia simu. Kabla sijafungua kinywa akaniambia komeo limekuwa laini ajabu, linajifunga lenyewe, labda baraka za marehemu. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Nikasema nimeota ndoto mbaya, kesho asifyatue. Akacheka sana. Akasema Kando, kama unaogopa kushindwa sema tu, hakuna haja ya ndoto. Mimi naogopa? Mimi! Nikakata simu kwa hasira. Hasira ilipoisha, tayari usiku, nikapiga tena. Simu yake imezimwa, amelala mapema ili macho yapumzike.

Jumamosi, tarehe 12

Nilipofika uwanjani komeo lilikuwa tayari ndani ya bunduki ya Jicho. Yeye wa kwanza kufyatua. Nikaamua kuzimia. Nilizimia vizuri sana, na mguu mmoja nikautikisa. Wakanivuta kivulini. Mwenyekiti wa klabu akasema huyu ataamka, endeleeni.

Nikamsikia Jicho akisukuma komeo. Likafunga kilaini. Sikuwaza tena. Nikakurupuka, nikakimbia, nikamkalia mgongoni alipolala kulenga, nikipiga kelele asifyatue, komeo hilo ni langu, nimembadilishia mimi, mimi mpumbavu! Fundi akaja, akatoa risasi, akalinganisha namba ya komeo na ya bunduki, akatikisa kichwa, akasema hili lingempasukia usoni.

Jicho akainuka. Akanikumbatia kwa nguvu, akasema nimeokoa macho yake. Nikalia. Kisha fundi, na mdomo wake, akamweleza upya kuanzia mwanzo, polepole. Hapo kofi likaja.

Makomeo yakarudi kwa wenyewe. Jicho akatia risasi zote katikati, nafasi akachukua. Mimi mwenyekiti amenifungia msimu mzima, na adhabu juu: kila Jumamosi nibandike karatasi za shabaha na kuziba matundu. Mke wangu hajanisemesha. Mama mkwe amesema kuanzia leo, vikombe atakusanya mwenyewe.

Jumapili, tarehe 13

Nimeomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja. Mbele ya mama mkwe nimeapa kwamba sitagusa tena kitu cha mtu maisha yangu yote. Nilimaanisha kila neno. Mke wangu akafuta machozi, akanimiminia chai. Jicho mwenyewe akanipa mkono, akaniomba niwepo Jumamosi ijayo anapofyatua na timu kwa mara ya kwanza. Mimi ni mtu mpya.

Jioni nikaenda klabuni kuonyeshwa kazi. Kazi nyepesi. Risasi ikipita inaacha tundu, likishahesabiwa mimi naziba kwa kipande cha karatasi. Anayehesabu alama huja baadaye, taratibu, na miwani yake mibovu. Yaani kati ya risasi na hesabu, kwenye karatasi nipo mimi peke yangu.

Nimeapa, na kiapo ni kiapo. Lakini karatasi ni ya klabu, gundi ni ya klabu, na tundu, hata la Jicho, halina mwenyewe. Kesho nitatafuta gundi inayokauka haraka.