Jinsi Fundi Saa Alivyoruka Sehemu Tano

Sogeeni, enyi wenye masikio! Aliye na sufuria motoni na aiteremshe, maana habari hii haisikilizwi kwa mguu mmoja nje. Wengine wamesimulia vita vya wafalme na kuanguka kwa miji, mambo madogo hayo. Hapa yanasimuliwa makubwa: jinsi Fundi Saa, jemadari wa bisibisi nyembamba, bwana wa kibano na kioo cha jicho moja, alivyomfanya mkewe aangalie televisheni kwa dakika arobaini bila kusinzia.

Ilikuwapo tamthilia mashuhuri ya vyombo vya angani, ambayo wawili hao waliiangalia kila Jumapili alasiri kwa miaka saba, bega kwa bega, kwenye kochi lililobonyea mahali pawili. Ikaisha. Watengenezaji wakaleta nyingine, ya mambo yaliyotukia miaka mia kabla ya ile ya kwanza, na watu wakaikataa kwa kauli moja, wakiwa na sababu zote. Nahodha wake alihutubia hata mlango. Majoka yake ya angani yalishonwa kwa turubai, na mshono ulionekana. Kati ya sehemu ishirini, labda nane zilikuwa nzuri, nazo zilijificha kama sindano iliyoanguka zuliani.

Lakini Fundi Saa aliipenda, jamani, aliipenda hadi akawa anaitetea mbele ya wateja waliokuja kubadilisha betri tu. Maana katika ile mashuhuri kila kitu kilitengemaa kwa kubonyeza kitufe. Katika hii walikaza nati kwa mkono, wakakosea, wakafungua tena. Na mhandisi wa chombo, mwanamke mwenye grisi hadi kwenye viwiko, kila alipofungua mtambo alipanga vipande kimoja baada ya kingine juu ya kitambaa, kama afanyavyo yeye mezani pake. "Nani mwingine amewahi kuonyesha hilo?" aliwauliza wateja. Wateja walitaka betri.

Mkewe alikuwa Mkunga, ambaye mikono yake imepokea nusu ya mtaa, na siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumapili pekee. Mara tatu aliketi kuiangalia. Mara tatu alisinzia pale pale, nahodha anapouhutubia mlango. Na mume, kwa hekima zake zisizo na mfano, alifanya nini? Kila Jumapili iliyofuata aliirudisha sehemu ile ile tangu mwanzo! Kwa sharia ya ufundi wake, gurudumu la pili halitiwi kabla ya la kwanza. Hivyo mama wa watu akawa ameangalia nusu ya sehemu moja mara tatu, tena ile nusu mbaya.

Jumapili ya nne dada mkubwa wa Mkunga, fundi cherehani, akasimama mlangoni, mkoba begani.

"Shemeji, mwache mwenzako apumzike," akasema. "Kwangu kuna maongezi, kuna vicheko. Hapa kuna nini? Watu wazima wamevaa ovaroli wanagombana na mlango."

"Mume wangu," akasema Mkunga, akijinyoosha kochini, "leo ni ya mwisho. Nikisinzia tena, Jumapili zangu nitakuwa kwa dada."

Hapo Fundi Saa akaingiwa na hofu. Hakuhofia tamthilia kufa. Ilishakufa zamani, na matanga hayakuwapo. Alihofia lile shimo la pili la kochi. Tangu ile ya kwanza iishe, Jumapili alikunywa chai kama mpweke, mkewe amelala kando, naye akizungumza na nahodha asiyesikia. Alimkosa mkewe, basi, ndiyo hivyo.

Akasimama, akainua rimoti, akanena:

"Ewe dada wa mke wangu, bingwa wa pindo na kifungo! Nimeuona mkoba wako, wala siukimbii! Miaka ishirini na sita sijaruka hatua, sijatia gurudumu pasipo mwenzake. Lakini leo, mbele yenu ninyi wawili, naivunja sharia yangu kwa kidole changu mwenyewe!"

"Kaa chini, baba, umeziba televisheni," akasema Mkunga.

Akaketi, na vita vikaanza. Sehemu ya kwanza ikaanguka bila kilio. Ya pili, ile ya majoka ya turubai, ikakatwa shingo. Ya tatu, ya nne. Penye ya tano kidole gumba kikasita, kwa kuwa mna dakika mbili tamu za mhandisi na kitambaa chake, na jasho likamtoka, nayo akaipita. Wako walioteka ngome kwa taabu ndogo kuliko hiyo. Kwenye ya sita akabonyeza.

Chombo kimezimika angani. Mpishi wake, mwanamke mjamzito, ameshikwa na uchungu, na daktari pekee aliyemo hajawahi kuona mtoto akizaliwa.

Kichwa cha Mkunga kilikuwa kimeanza kuinama. Kikainuka.

"Huyo daktari anashika wapi?"

Fundi Saa akaongeza sauti.

"We! Usimwambie asukume sasa! Jamani, atamuumiza huyu! Mwacheni apumue!"

Dada mtu akaingia hatua moja, kisha ya pili, akauweka mkoba chini, akakaa kwenye mkono wa kochi. Mkunga akaliamrisha anga lote kwa sauti ya wodini. Hatimaye mhandisi akamsukuma daktari kando, akanawa grisi, akatandika kitambaa safi kama kile cha vipuri, akampokea mtoto juu yake. Mtoto akalia. Mkunga akafuta macho kwa kiganja, halafu akamgeukia mumewe kwa hasira.

"Siku zote hizi ulinificha huyu mwanamke kwa nini?"

"Nilikuwa nafuata utaratibu," akasema Fundi Saa, ushujaa wote umemwisha.

"Na baba wa mtoto ni nani?"

"Hilo lilielezwa kwenye ya tatu."

"Basi rudisha ya kwanza. Mimi sipokei mtoto bila kujua habari za mimba. Tunaanza upya, zote, moja baada ya nyingine."

Na vizazi vijue, na wenye kalamu waandike: siku ile shujaa alishinda, akapewa yote aliyoyapigania. Nahodha akauhutubia mlango kwa mara ya nne, dada mtu akacheka, na Mkunga akaangalia hadi mwisho, macho wazi, akiuliza maswali. Aliyesinzia ni Fundi Saa, kichwa begani kwa mkewe, na hakuna aliyemwamsha.